Raba Nne za Baiskeli ya Kijiji

Spana nimeiweka chini, mdomo bado. Mkono wangu wa kulia hauinuki tena kupita bega, na macho siku hizi yananionyesha spoku tatu palipo na moja, kwa hiyo kazi nimeiacha. Lakini juzi nilikuwa napita Katandala, hapa Sumbawanga mjini, nikamsikia fundi mmoja, mtu mwenye nguvu zake, anamwambia mteja aliyenunua baiskeli iliyotumika: "Chukua raba hizi tu mshikaji, breki ni breki." Nikasimama. Nilitaka kumchapa fimbo. Nikakumbuka kwamba fimbo ndiyo inayonisimamisha, nikaenda zangu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mafundi vijana.

Mimi naitwa Osward. Shule nilifika darasa la tatu kule Mwazye, na hilo la tatu sikulimaliza kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji. Sioni aibu kulisema. Nimetengeneza baiskeli za walimu, za makarani wa boma, za mapadri, na za mabwana shamba waliotoka Mbeya na vyeti vyao kwenye bahasha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza cheti changu kiko wapi wakati anashuka mlima. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma pale Malangali imejengwa na baiskeli. Wanangu wamesomeshwa na baiskeli. Kwa hiyo nikizungumza habari za raba za breki, tulieni.

Kosa lenu la kwanza ni hili. Mteja akileta baiskeli iliyotumika, mnakimbilia kopo la raba. Raba ni ya mwisho kutazamwa. Anza na rimu. Baiskeli iliyotumika mara nyingi ni baiskeli mbili zilizooana bila padri: gurudumu la mbele lilikuwa la mtu huyu, la nyuma la mtu yule, na aliyekuuzia hakukwambia. Zile za wakati wetu breki zake zilikuwa za fito. Ukikamata mkono wa breki, fito inavuta chuma chenye umbo la kwato ya ng'ombe, na raba zinapanda kuigusa rimu upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Hizi zenu za waya zinaibana rimu mbavuni, kushoto na kulia. Raba ya kugusa ndani haijui kazi ya kubana mbavuni, na rimu ya mbavu bapa haina mahali pa kuipokea raba ya fito. Pitisha kidole kwenye rimu yote, mzunguko mzima. Kama imeliwa, kama ina kutu, kama ilipigwa jiwe ikabonyea, utaijua kwa kidole kabla ya jicho. Ukishaijua rimu, ndipo uniambie habari za raba.

Na raba yenyewe usiitazame rangi. Ibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukiteleza kama unabonyeza kwato, raba hiyo ni ngumu, itapiga kelele na haitashika. Ukucha ukizama na alama ikabaki pale pale, raba hiyo ni udongo tu, safari tatu imekwisha. Nzuri ni ile inayoupokea ukucha halafu inauondoa taratibu, kama mtu mwenye adabu anayemwondoa mgeni mlangoni. Kisha ikunje. Ikionyesha nyufa kama shamba la kiangazi, irudishe ilikotoka, hata kama jana ndiyo ilitoka kwenye karatasi yake.

Haya sikuyaota. Nilifundishwa na Mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyekuja Sumbawanga na sanduku moja la vifaa na Biblia. Alikuwa hatukani, hanywi, na hasamehi. Wiki yangu ya kwanza kwake nilifunga raba za mpishi wa parokia. Raba ya breki hukaa ndani ya kijumba cha chuma, na kijumba hicho kina upande mmoja ulio wazi, ili uichomeke, na upande mmoja ulioziba. Mimi nikafunga bila kutazama wazi ni wapi na ziba ni wapi. Mpishi akaenda zake. Baada ya muda akarudi anasukuma baiskeli, suruali imejaa majani, mkononi ameshika raba moja.

"Nilipobana, zikatoka," akasema. "Zimeruka kama panzi."

Mzee Ambakisye hakunigombeza. Alinionyesha kijumba, akasema: "Gurudumu likikimbia linaisukuma raba. Likiisukuma, iende ukutani au iende mlangoni?"

"Ukutani, mzee."

"Na wewe umeielekeza wapi?"

"Mlangoni."

"Sasa raba moja ameileta. Ya pili iko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Katafute."

Nilitafuta kwenye majani ya mteremko alikoangukia mpishi, kuanzia saa nne mpaka ng'ombe wanarudi. Niliipata. Toka siku hiyo, upande ulioziba naelekeza kule gurudumu linakokimbilia, na sijawahi kukosea tena. Ninyi mnafundishwa kwa kubembelezwa, ndiyo maana mnasahau.

Sasa nieleze kisa ambacho watu wa zamani hapa bado wananikumbusha, na mimi nawaacha wanikumbushe kwa sababu ni kizuri.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mzee Ambakisye alikuwa amekwisha kurudi kwao, ameniachia kibanda karibu na mashine ya kusaga, pamoja na kopo moja lenye raba nne nyeusi za fito, kuukuu lakini hai. Aliniambia nisizifunge kwenye baiskeli ya mtu anayekwenda sokoni tu. Dukani wakati huo ulikuwa unakuta rafu tupu zinatazamana. Watu walikata raba za breki kutoka kwenye matairi ya gari, wengine kwenye soli za katambuga, vile viatu vya tairi. Bwana mmoja alichonga za mti. Akishuka kilima unasikia harufu ya moto kabla hujamwona.

Siku moja wakaja watu wanne kutoka kijiji kimoja cha njia ya Mwazye. Watu wanne, baiskeli moja, na hakuna aliyeipanda. Walikuwa wanaisukuma kama wanampeleka mgonjwa. Mbele alikuwa Mzee Patrisi, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa maneno machache. Wa pili Katibu, Deogratias, ambaye alisoma mpaka darasa la nane na alihakikisha hulisahau hilo. Wa tatu Kalisto, mwendeshaji wa baiskeli. Wa nne mke wa Kalisto, Gaudensia, aliyeletwa na akina mama kuwa macho yao. Alikuwa mjamzito, tumbo zito la miezi ya mwisho.

Baiskeli ilikuwa mali ya kijiji. Waliinunua kwa mwalimu aliyehamishwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka wagonjwa hospitali ya misheni. Njia ya kwenda huko inapanda kilima, halafu inashuka mteremko mrefu wa changarawe, na chini kabisa kuna kijito chenye daraja la magogo matatu. Ukishindwa kusimama kabla ya magogo, huvuki. Unaingia mtoni.

"Breki hazishiki," akasema Kalisto. "Nashuka nimeburuza viatu."

"Viatu gani?" akauliza Gaudensia. "Vilikwisha. Sasa anaburuza nyayo."

Nikamwuliza mwenyekiti kwa nini wasibebe wagonjwa kwa machela mpaka raba zipatikane dukani. Hakujibu yeye. Alijibu Gaudensia, bila kupandisha sauti, akitazama baiskeli.

"Machela inataka wanaume wanane, fundi. Mwaka juzi nilipofika wakati wangu, wanaume walikuwa shamba la kijiji, ng'ambo. Walipokusanyika na kunibeba, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Nilimzaa juu ya kile kilima. Safari hii sisubiri wanane. Namsubiri mmoja tu, na huyo nimeolewa naye. Kwa hiyo wewe tafuta raba."

Nikaishika baiskeli. Rimu zote mbili zilikuwa ndugu, Mungu alitusaidia hapo, na kidole changu hakikukuta ubonyeo. Nikiwa bado nimeinama, Katibu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri. Ndani yake zilikuwamo raba nne nyekundu, zinang'aa kama peremende.

"Tusipoteze muda wa Ndugu Fundi," akasema. "Hizi ni mpya. Tunahitaji kufungiwa tu."

Nikabonyeza ukucha. Ukateleza.

"Hizi hapana."

"Hapana kwa nini? Ni mpya. Zimeandikwa."

"Zimeandikwaje?"

"Kwa Kiingereza."

"Kilima chenu kinajua Kiingereza?"

Mzee Patrisi alikohoa, na mpaka leo naamini kikohozi kile kilikuwa kicheko. Katibu akakunja karatasi yake. Mimi nikaingia ndani, nikatoa lile kopo la Mzee Ambakisye. Niliwaonyesha raba zangu. Zilikuwa hazina sura. Nikampa Gaudensia abonyeze mwenyewe, akabonyeza zote nne, moja baada ya nyingine, akatingisha kichwa kukubali. Nikazilainisha nyuso zake kwa tupa, nikazifunga, mlango nyuma na ukuta mbele, nikakaza. Nikamwambia Kalisto apande, akimbie kuelekea ukuta wa mashine ya kusaga, abane. Gurudumu la mbele lilisimama ukuta ukiwa bado hatua mbili.

Waliondoka, na safari hii Kalisto amepanda. Mimi nikabaki nimekunja mikono kama askofu. Nilijiona. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa langu, maana nilikuwa nimewapa raba, sikuwapa hata neno moja la namna ya kuzitunza. Nilidhani kitu ninachokijua mimi, mtu wa darasa la tatu, basi kinajulikana na dunia nzima.

Hazikupita wiki mbili. Nikamwona Kalisto anakuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Fundi, unaitwa kijijini."

"Na nani?"

"Na mkutano."

Nikampa kigoda akae. Akanieleza kwamba juzi yake alikuwa anampeleka Mzee Dismas hospitali, mguu umevimba. Walipoanza kushuka alibana breki, baiskeli ikaongeza mwendo. Akabana zaidi, ikawa vilevile. Alipoona magogo yanakuja akageuza usukani akaingia shamba la maharage. Walianguka wote wawili. Mzee Dismas hakuvunjika mahali, ila kiko chake kilivunjika, na kwa kiko hicho alikuwa hataki kusamehe mtu.

"Na mkutano unasemaje?"

"Katibu ameandika azimio. Baiskeli isibebe tena mgonjwa. Kesho linapitishwa." Akajipangusa vumbi magotini. "Gaudensia zimebaki siku chache, fundi. Na wanaume wanane wako shambani, kama mwaka ule."

Kesho yake alfajiri nilipanda baiskeli yangu. Mtu asiwaambie kwamba sikuogopa. Njia nzima nilikuwa nawaza: nimekosea wapi? Mlango na ukuta? Nati imelegea? Raba za Mzee Ambakisye zimezeeka bila mimi kujua? Kama kosa lilikuwa langu, nilikusudia kulisema mbele ya watu wote na kufunga kibanda. Fundi anayeangusha wagonjwa akalime.

Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji. Katibu amesimama na daftari.

"Huyu hapa ndiye Ndugu Fundi," akasema, "aliyezikataa raba mpya mbele ya viongozi, akatufungia makombo. Nilisema. Mwenyekiti ni shahidi. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," akajibu Mzee Patrisi.

"Na kiko changu?" akauliza Mzee Dismas kutoka nyuma, mguu wake umefungwa majani.

Nikaenda kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Nikashangaa. Baiskeli ile nilipoifungia raba ilikuwa na madoa ya kutu kama chui. Sasa ilikuwa inawaka. Fremu, madigadi, spoku moja moja, rimu, kila kitu kinameremeta kama sahani za harusi. Nikapitisha kidole kwenye rimu. Kikateleza bila kizuizi. Nikakitazama: rangi ya chungwa. Nikakinusa.

"Nani amepaka baiskeli mawese?"

Kila mtu ghafla akatazama vidole vyake vya miguu. Mnajua mikutano. Mawese yenyewe yalitoka ziwani Tanganyika, hayakuwa kitu cha kumwaga ovyo.

"Nauliza tena. Nani amepaka?"

Gaudensia akainuka, kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Mimi na wenzangu watatu. Alikuja mgeni wa wilaya kukagua mali za kijiji. Katibu akasema kila kitu king'ae. Majembe tuliyapaka, mlango wa ghala tuliupaka, na baiskeli tukaipaka. Hata zile raba zilikuwa zimepauka, nikazipaka mimi mwenyewe, vizuri kabisa, kwa kitambaa." Akanitazama. "Kumbe hazipakwi?"

"Hazipakwi, dada. Breki ni kitu kikavu kushika kitu kikavu. Ukipaka mafuta umeiambia iachie."

"Ulituambia?"

Hapo watu wote wakanitazama mimi, hata Mzee Dismas.

"Sikuwaambia," nikasema. "Raba nilichagua sawa. Maneno sikuyatoa. Hilo ni kosa langu na Katibu aliandike."

Katibu hakuandika. Alisema kwamba vyovyote iwavyo, imani ya wananchi kwa baiskeli imekwisha, na azimio lipite. Nikamwomba Mzee Patrisi anipe muda wa kuchemsha maji tu. Akanipa.

Akina mama wakaleta jivu, mchanga na maji ya moto. Rimu tulizisugua mpaka zikalia chini ya kitambaa, na rimu ikilia ujue imeacha mafuta. Lakini raba zilikuwa zimekunywa. Raba ikishakunywa mafuta huifundishi tena. Unaikwangua leo inang'aa, kesho mafuta yanatoka ndani. Nilizikwangua kwa kisu kuona yameingia kiasi gani, yakawa yameingia mpaka katikati. Raba za Mzee Ambakisye zilikuwa zimekufa mikononi mwangu. Kopo langu mjini lilikuwa tupu. Katibu akatoa tena ile karatasi yake.

"Basi zimebaki hizi," akasema, na sikumsikia akifurahi. Nafikiri na yeye alikuwa amemtazama Gaudensia.

Nikaenda kwenye baiskeli yangu mwenyewe. Ilikuwa ya fito kama ile, rimu za aina ileile. Nikafungua raba zangu zote nne.

"Na wewe utarudi na nini?" akauliza Kalisto.

"Na hizo nyekundu. Na akili."

Nilipomaliza kufunga nikasema nataka kushuka kile kilima mbele ya mkutano wote, na nyuma nataka abiria. Awe mzito, maana mjamzito si kikapu cha mayai. Hakuna aliyesema jina, lakini macho yote yalikwenda kwa Katibu, aliyekuwa na kitambi pekee kijijini pale.

"Mimi ni kiongozi," akasema.

"Na mimi ni nani?" akauliza Gaudensia. "Gunia la ulezi?"

Tukapanda kilima wote, mkutano mzima, kama tunakwenda hija. Gaudensia hakuja mpaka juu. Alikaa nusu ya mteremko, upande huu wa kijijini, akaazima jembe, akachora mstari kuvuka njia. "Simama hapa," akaniita kutoka chini. "Si pale unapopataka wewe. Hapa."

Katibu akakaa kwenye karia, daftari kifuani. Nikamwambia ashike mkanda wangu na asiniegemee. Tukaondoka.

Sasa sikilizeni, maana hili ni la kazi. Kwenye mteremko hubani breki ukishaogopa. Unabana ukiwa bado juu, ya nyuma kwanza, kidogo, na huiachii, unaizoesha rimu. Ya mbele unaigusa tu. Mtu anayengoja mwendo ukolee ndipo akamate, anaikamata kwa hofu, na hofu hubana mbele. Nilishuka nikiisikia ile raba inanguruma chini yangu, ngurumo nzito isiyo na mlio. Mlio mwembamba ni raba ngumu. Ngurumo ni raba inayofanya kazi. Changarawe zilikuwa zinaruka, Katibu alikuwa anasali Salamu Maria kwa kasi kuliko baiskeli. Mstari ukaja. Gurudumu la mbele likakaa juu yake, si mbele, si nyuma, na Gaudensia alikuwa amesimama hapohapo pembeni, hakusogea hata hatua moja.

Katibu akashuka. Akafungua daftari, akatafuta kalamu, akaikuta sikioni.

"Azimio," akasema, "limeondolewa."

Mzee Dismas akauliza kama limeandikwa lolote kuhusu kiko.

Kabla sijaondoka niliwakalisha chini, mwenyekiti, katibu, mwendeshaji na akina mama, nikawaambia yote ambayo nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza. Mafuta ni ya mnyororo na habu ya katikati ya gurudumu, basi. Mvua ikinyesha, bana kidogo mapema uifute rimu kabla hujaihitaji. Ukivuka matope, safisha raba, maana changarawe ikinasa ndani yake inaila rimu kama panya. Mgeni akija, king'ae kitu kingine. Nami nikarudi nyumbani na zile nyekundu. Kila mteremko nilishuka kwa miguu nimeshika usukani, na wapita njia wakaniuliza kwa nini fundi anatembea. Nilijibu kwamba anayapumzisha makalio.

Zikapita siku tisa au kumi. Nilikuwa kibandani nanyoosha spoku, mvua imekatika muda si mrefu, Kalisto akaingia anasukuma ile baiskeli. Alikuwa hajanyoa na macho ni mekundu. Hakunisalimia vizuri, akanisogezea tu baiskeli. Nikaipindua baiskeli, nikaitazama.

Raba za nyuma zilikuwa zimelika, sawasawa kulia na kushoto. Za mbele zilikuwa karibu kama nilivyozifunga. Kwenye nyuso zote nne kulikuwa na tope jepesi la changarawe, lililokauka kwa mistari.

"Mlishuka mvua inanyesha," nikamwambia. "Ulianza kubana juu kabisa. Ya nyuma hukuiachia hata mara moja."

"Alinikataza kuiachia. Alikuwa ananipiga mgongoni: shika, shika, shika. Mpaka magogoni. Uchungu ulikuwa umekwisha kumkamata, lakini macho yake yalikuwa kwenye breki."

"Mkafika."

"Tukafika mchana. Jioni akajifungua. Wa kike." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wazima wote, fundi. Leo wameruhusiwa. Lakini kurudi kuna ule upande mwingine wa kilima, na nyuma sasa wako wawili. Nikaona nisiwapakie kabla hujazitazama. Zinafaa kuwarudisha?"

Niliziondoa raba zote nne kwenye vijumba vyake, nikazisafisha, nikazibonyeza, nikazikunja, nikazitazama kwenye mwanga wa mlango. Zile mbili za nyuma nikazipeleka mbele, za mbele nikazileta nyuma, nikakaza nati mpaka spana ikakataa. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, nikabana. Likasimama.

"Zinafaa," nikasema.

Kalisto akaipanda baiskeli palepale mlangoni, akaenda kuwachukua. Hakuuliza mara ya pili.